Barafu Haikutunga Ngano

Liko neno moja ambalo husemwa katika vyumba vya masomo kila panapotajwa ngano za kale za Ulaya ya Kaskazini, nalo husemwa kwa utulivu, kama neno lililokwisha kuthibitishwa. Husemwa kwamba watu wa Norwe na Aisilandi walisimulia kuumbwa kwa dunia kwa barafu na moto kwa sababu maskani yao yalikuwa kati ya barafu na moto. Kwamba hekaya zao ni kali kwa sababu baridi yao ni kali. Na kwamba aliyeuona mlima wa theluji ukitoa moshi hana haja ya kuuliza zaidi. Mwanafunzi huliandika neno hilo daftarini mwake, mtahini hulipa alama, na shauri huhesabiwa limekwisha. Shauri hili halijaisha. Neno lenyewe ni la uvivu, na nasaba yake haipendezi.

Nasaba yake ni hii. Mwaka 1748 mwanasheria Mfaransa, Montesquieu, alitoa kitabu chake juu ya roho ya sheria, akafundisha humo kwamba hewa ya baridi hukaza nyuzi za mwili ikampa mtu ushujaa, na hewa ya joto huzilegeza ikampa woga. Watu wa nchi za joto, kwa maoni yake, ni waoga kama wazee. Watu wa nchi za baridi ni hodari kama vijana. Miaka saba baadaye Paul Henri Mallet, mzaliwa wa Geneva aliyekuwa akifundisha Copenhagen, alianza kuchapisha kwa Kifaransa historia ya Denmark, na mara baada yake ngano za Kaskazini. Alikuwa amekunywa sana katika kisima cha Montesquieu, na wasomi wengi wa Ulaya walizipokea ngano hizo kwanza kutoka mkononi mwake. Mwaka 1840 Thomas Carlyle, akihutubia London juu ya mashujaa, aliichora Aisilandi kuwa uwanja wa vita vya baridi na moto, na kutoka katika picha hiyo akawatoa Odin na wenziwe kama mtu atoaye kifaranga katika yai. Tangu hapo neno limepata mbawa.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Makerere alinakilipo neno hili amenakili nusu ya sentensi. Nusu ya pili inamhusu yeye. Ikiwa baridi ndiyo iliyozaa ushujaa wa Odin, basi joto ndilo lililozaa ule woga na ulegevu aliosingiziwa babu yake. Hoja ni moja, mizani ni moja, na haiwezekani kuukubali upande mmoja wa mizani na kuukataa wa pili. Hegel naye, katika mihadhara yake ya Berlin juu ya falsafa ya historia, alizifungia nje ya historia nchi za joto kali pamoja na nchi za baridi kali. Jambo la kuchekesha ni kwamba kila mwanafalsafa aliyeipiga mistari hiyo juu ya ramani aliiona nyumba yake mwenyewe imeangukia upande uliobarikiwa.

Lakini haitoshi kusema kwamba hoja ina ukoo mbaya. Ukoo mbaya hauifanyi hoja kuwa ya uongo. Ngano yenyewe isikilizwe, maana wengi wanaoihukumu hawakuisoma ila kwa muhtasari.

Hapo mwanzo palikuwa na ombwe kubwa, jina lake Ginnungagap. Kaskazini ya ombwe hilo ilikuwako Niflheim, nchi ya ukungu na baridi. Kusini yake Muspell, nchi ya moto. Mito iliyotoka katika chemchemi ya Niflheim ilikuwa na sumu, ikaganda ikawa sakitu juu ya sakitu. Joto la kusini likaifikia, sakitu ikayeyuka, na katika matone yake likatokea jitu, Ymir. Ymir akalala, akatoka jasho, na chini ya kwapa lake la kushoto wakaota mwanamume na mwanamke. Mguu wake mmoja ukazaa mtoto na mguu wa pili. Katika sakitu iyo hiyo alitokea pia ng'ombe, Audhumla, na kutoka katika chuchu zake ikabubujika mito minne ya maziwa, nayo ikamlisha Ymir. Ng'ombe naye alikula nini? Swali hilo limo ngano yenyewe, na jibu lake ni kwamba alilamba mawe ya sakitu yaliyokuwa na chumvi. Siku ya kwanza, jioni, nywele za mtu zikatokea katika jiwe. Siku ya pili kichwa. Siku ya tatu mtu mzima, mzuri wa sura na mwenye nguvu, jina lake Búri. Búri akamzaa Borr. Borr akamwoa Bestla, binti wa jitu, wakazaliwa Odin, Vili na Vé. Ndugu hao watatu wakamwua Ymir, na damu yake ikayazamisha majitu yote ya sakitu isipokuwa moja lililookoka pamoja na mkewe. Wakauchukua mwili wakauweka katikati ya ombwe: nyama ikawa nchi, damu ikawa bahari, mifupa milima, meno mawe, nywele miti, fuvu mbingu, ubongo mawingu. Baadaye, wakitembea pwani, waliona magogo mawili, wakayafanya mume na mke, Ask na Embla.

Sasa aulizwe mwenye kuitegemea barafu: katika ngano hii barafu imefanya nini? Imetoa matone na jiwe la kulambwa. Kuua, kugawa viungo, kuiinua mbingu juu ya nchi, kumtia mtu pumzi na akili, hizo si kazi za barafu. Tena kazi hizo zilifanywa kwingineko pasipo na barafu. Katika Rigveda, vitabu vitakatifu vya Wahindi, miungu inamtoa kafara Purusha, na kichwa chake kinakuwa mbingu, jicho lake jua, nia yake mwezi, miguu yake nchi. Babeli, Marduk anamwua Tiamat na kumpasua vipande viwili, na kwa kipande kimoja anaitandaza mbingu. Wanaisimu wengi hulihusisha jina la Ymir na jina la Yama wa Wahindi, yote mawili yakiwa na maana ya pacha. Naye Mrumi Tacitus, akiandika mwaka 98, alisema kwamba makabila ya Ujerumani yalimsifu kwa nyimbo za kale Tuisto, mungu aliyetoka ardhini, na mwanawe Mannus, na wana watatu wa Mannus. Babu aliyetoka ardhini, mwana mmoja, wajukuu watatu: hiyo ndiyo nasaba ya Búri, nayo ilikuwa ikiimbwa katika misitu ya bara miaka mia saba na zaidi kabla ya mtu wa Norwe kujenga nyumba Aisilandi. Basi mafundi wa hali ya hewa wana mawili ya kuchagua. Ama mfano huu ni urithi kutoka kwa mababu wa mbali, ama fikira za watu huweza kufika mahali pamoja kwa njia nyingi. Katika yote mawili kipimajoto hakina la kusema.

Haki itendeke, hata hivyo. Nchi humpa msimulizi vitu vya kusimulia, na hakuna awezaye kulikana hilo. Aisilandi haikuwa na miti mikubwa, na magogo yaliyoletwa na bahari yalikuwa mali ya thamani. Si ajabu basi kwamba mume na mke wa kwanza waliokotwa pwani. Lakini gogo la pwani Aisilandi halikuwa gogo tu. Sheria ya nchi ilieleza kwa urefu ni nani mwenye haki ya kuokota kilicholetwa na mawimbi na mpaka wake ni upi. Kabla gogo halijaingia katika ngano lilikuwa limekwisha kupita katika mikono ya sheria, na wasomaji wa barafu hawaioni mikono hiyo kwa sababu hawaitafuti.

Na ni nani aliyeyaandika haya? Hapa ndipo uvivu unapotia hasara kubwa kuliko pote. Ngano ya barafu na moto kama ilivyosimuliwa hapo juu, pamoja na ng'ombe wake, haikuandikwa na maharamia wa baharini wala na kuhani wa Odin. Iliandikwa yapata mwaka 1220 na Snorri Sturluson, Mkristo, tajiri wa mashamba, mshairi, na mara mbili Msemaji wa Sheria katika baraza kuu la Aisilandi, lile Althing lililoanzishwa mwaka 930. Aisilandi ilikuwa imeingia Ukristo tangu karibu mwaka 1000, tena kwa njia ya pekee: pande mbili zilikuwa tayari kupigana, wakamwachia Thorgeir, Msemaji wa Sheria ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo, aamue, akajifunika joho lake, akalala kimya mchana na usiku, akainuka na kutamka kwamba nchi iwe na sheria moja na dini moja. Kwa hiyo kati ya Snorri na ibada za kale palikuwa na miaka zaidi ya 200. Dibaji ya kitabu chake inaanza na Mungu muumba wa mbingu na nchi, Adamu na Nuhu, kisha inadai kwamba miungu ya Kaskazini walikuwa binadamu waliotoka Troya.

Kwa nini Mkristo wa namna hiyo ajitaabishe na Ymir? Kwa ajili ya ushairi. Washairi wa Kaskazini walisema kwa mafumbo: mbingu ni fuvu la Ymir, bahari ni damu yake, dhahabu ni machozi ya Freyja. Vijana wa siku za Snorri walianza kutoyafahamu mafumbo hayo, na ushairi usiofahamika hufa. Kitabu chake ni kitabu cha kufundishia kazi ya ushairi, naye awaambia vijana wazi wazi kwamba yasisahauliwe maneno ya washairi wa kale, ila Wakristo wasiiamini miungu ile. Mtu aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili, ambamo neno la zamani hutunzwa na malenga hata baada ya kutoka midomoni mwa watu sokoni, hahitaji kuelezwa sana hofu hiyo. Carlyle aliitafuta sauti ya volkeno pale pale mwalimu alipokuwa akisomesha arudhi.

Wako wanaoliona hili wakakimbilia ukingo wa pili, wakasema kwamba basi yote ni uzushi wa Mkristo na hakuna la kale ndani yake. Hao nao wamekosa. Mkusanyo wa mashairi ya kale ulioandikwa Aisilandi yapata miaka ya 1270 juu ya ngozi za ndama, ambao askofu Brynjólfur Sveinsson aliupata mwaka 1643, na ambao Denmark iliurudisha Aisilandi mwaka 1971, una mashairi mawili yasemayo kwamba nchi ilifanywa kwa nyama ya Ymir, na Snorri alizitumia beti zake. Lakini mkusanyo huo huo unaonyesha jinsi simulizi zilivyokuwa hazikubaliani. Shairi la kwanza humo, Völuspá, halitaji kuuawa kwa Ymir; husema tu kwamba wana wa Borr waliinua ardhi. Mstari unaosimulia mwanzo wa zama unasema katika mkusanyo kwamba ndipo Ymir alipokaa. Snorri alipoutaja mstari uo huo anasema ndipo pasipokuwa na kitu. Jitu, au ombwe tupu? Watu waliofikia kutofautiana juu ya jambo kama hilo walikuwa wakifikiri na kubishana. Baridi ilikuwa ile ile kwa wote.

Arudi sasa ng'ombe, ambaye wanachuoni wengi humpita mbio ili wafike kwenye mapanga. Picha iliyouzwa kwa dunia, na filamu zinaendelea kuiuza, ni ya mtu mwenye shoka juu ya jahazi. Watu wa namna hiyo walikuwako, na waliua na kuteka. Lakini ngano ya kuumbwa kwa dunia haimweki mtu huyo mwanzoni. Yamweka ng'ombe wa maziwa. Aisilandi bei ya vitu ilihesabiwa kwa thamani ya ng'ombe mmoja, na ng'ombe mmoja alikuwa sawa na kondoo jike sita. Neno moja katika lugha yao lilikuwa na maana ya mifugo na maana ya mali. Majira ya baridi yalikuwa hesabu ya majani makavu yaliyowekwa akiba: yakiisha, ng'ombe hufa, na nyumba huwa na njaa. Mwenye kutunga kisa ambamo uhai wa kwanza unanyonyeshwa mito minne ya maziwa alikuwa mtu aliyekwisha kuyapima maziwa katika chombo akayaona hayatoshi. Na mwenye kuliona jiwe likilambwa siku hata siku, sura ikichongeka kidogo kidogo chini ya ulimi, alikuwa mchungaji. Mtoto aliyekulia penye ng'ombe walambao magadi atalifahamu jambo hili upesi kuliko profesa aliyelelewa katika jiji.

Tena si mchungaji mwanamume peke yake. Kukamua kulikuwa kazi ya wanawake, na wanawake wa Aisilandi ya kwanza hawakutoka wote Norwe. Uchunguzi wa urithi wa damu umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya mama waliozaa taifa hilo walitoka Visiwa vya Uingereza na Ayalandi, ilhali wengi wa baba walitoka Skandinavia. Na habari za kale hazifichi kwamba miongoni mwao walikuwamo watumwa. Nani awezaye kuapa kwamba Audhumla alisimuliwa kwanza na midomo ya watu wa Norwe tu, na hakuongezewa neno katika zizi na mwanamke aliyetekwa Ayalandi? Hakuna ushahidi wa kulithibitisha hili. Lakini hakuna hata chembe ya ushahidi wa kuwapa haki wale waliodai kinyume chake kwa bunduki.

Maana walidai. Mwaka 1935 Heinrich Himmler na wenziwe waliunda chama cha utafiti, Ahnenerbe, kutafuta katika mambo ya kale ya Kaskazini uthibitisho wa ukuu wa damu moja. Alama za maandishi ya kale zilishonwa juu ya sare za SS, na kikosi chao kimoja kikaitwa Wiking. Hata leo ziko jamii za wenye chuki zinazojichora alama za Odin mwilini na kusema damu yao ni safi. Hao ni watoto halali wa hoja ya baridi. Wameondoa hewa tu, wakatia damu mahali pake. Yapasa waulizwe swali moja ambalo mtoto wa shule angeliweza kuwauliza: mama yake Odin ni nani? Ni Bestla, binti wa jitu. Mungu mkuu wa Kaskazini ni chotara tangu tumboni, na ngano haioni haya kulisema. Na binadamu je? Hawakuzaliwa na miungu hata kidogo, ni magogo. Mwenye kutafuta usafi wa damu katika kitabu hiki amebisha hodi katika nyumba isiyo yake. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu zaidi ya 400 wa enzi zile, wakakuta damu imechanganyika pande zote. Na huko Orkney walikuwamo waliozikwa na panga kwa desturi ya Waviking bila kuwa na asili ya Skandinavia. Sayansi ilithibitisha kwa mifupa aliyoyasema Snorri kwa ngano miaka 800 kabla yake.

Kutoka kwa Bestla huyo huyo hutokea jambo zito kuliko yote katika ngano hii, nalo ni la sheria. Odin na nduguze walipomwua Ymir walimwua jadi wa mama yao. Katika Aisilandi kuua kulikuwa na malipo; sheria iliandika ni jamaa gani wa muuaji watoe kiasi gani, na jamaa gani wa marehemu wapokee, mpaka kwa binamu wa mbali. Kwa Ymir hakuna aliyelipa. Jitu moja na mkewe waliponyoka, na kizazi chao chote kikakumbuka; na siku ya mwisho ya dunia majitu yatakuja kudai. Völuspá husimulia pia kwamba jua halikujua nyumba yake wala mwezi uwezo wake, mpaka miungu walipokwenda kuketi katika viti vya hukumu, wakashauriana, wakautaja usiku na asubuhi na adhuhuri kwa majina ili miaka ihesabiwe. Mbingu inapangwa kama baraza linavyopanga mambo ya nchi. Ndiyo fikira ya watu wasiokuwa na mfalme, ambao amani yao yote ilitegemea watu kuketi pamoja na mtu mmoja kuikariri sheria kwa moyo, theluthi moja kila mwaka. Na watu hao walijua vema kwamba baraza hilo tukufu liliketi juu ya damu isiyolipwa.

Snorri alilijua kuliko wengi. Alikikalia kiti cha Msemaji wa Sheria tangu 1215 hata 1218, na tena tangu 1222 hata 1231, katika zama ambazo koo kubwa chache zilikuwa zikigombea nchi, ndugu kwa ndugu, mkwe kwa mkwe. Alikwenda Norwe, akapokea heshima za mfalme, akarudi, akaingia katika fitina zilizomzidi. Mwezi wa Septemba mwaka 1241 watu walifika usiku nyumbani kwake Reykholt wakamwua katika chumba cha chini ya ardhi. Aliyewaongoza, Gissur Thorvaldsson, alikuwa mkwewe wa zamani, na kibali alikuwa amekipata kwa mfalme wa Norwe. Kati ya 1262 na 1264 Aisilandi ilijiweka chini ya mfalme huyo. Usiku ule wa Reykholt majira ya baridi yalikuwa bado hayajaanza.